Mraba wa Kwanza Uko Kulia

Fundi Shoto alianza kuchora mabango ya maduka kabla hajaolewa, na mtaani mkono wake ulijulikana kuliko sura yake. Ukipita barabarani ukamwona kinyozi aliyechorewa ukutani kichwa kilichonyolewa vizuri kuliko vichwa vyote anavyonyoa mwenyewe, ujue hiyo ni kazi ya Fundi Shoto. Ng'ombe wa kwenye bucha alikuwa wake, na mwenye bucha alikuwa akilalamika kwamba ng'ombe huyo amechorwa na macho ya huruma mno, wateja wanaona haya kuagiza.

Jina la Shoto alilipata kwa sababu alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Shangazi aliyemlea alijaribu kumbadilisha akashindwa, mwisho akasema basi, Mungu anajua alichokusudia. Na kweli mkono huo ndio uliomlisha. Ila ulimfundisha namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kuchora ukutani, alichora kwanza kwenye karatasi, akaipiga karatasi mistari ya penseli mpaka ikawa miraba. Halafu aliupiga ukuta miraba mikubwa ya idadi ile ile, akahamisha picha mraba kwa mraba. Mafundi wengi hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba yeye alianzia juu kulia akaenda kushoto, kwa maana mtu wa mashoto akianzia kushoto, kiganja chake hupita juu ya rangi mbichi na kufuta alichokwisha kuchora. Kwa hiyo kwake mraba namba moja ulikuwa juu kulia. Aliziandika namba hizo hivyo tangu ujana wake, na hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anayehesabu vinginevyo.

Picha za siasa hakuzitafuta, zilimfuata nyumbani. Bomba la mtaa lilikauka. Mwanzoni watu walidhani ni matengenezo. Halafu wakaona bomba jipya linapita chini ya barabara kuelekea kwenye nyumba ya Mheshimiwa, na ndani ya ukuta wake majani yakawa mabichi kuliko mchicha. Kina mama wakaenda ofisi ya maji. Wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri.

Ndipo Fundi Shoto akachukua ubao mpana wa plaiwudi uliobaki kwenye kazi ya duka la viatu, akauegemeza ukutani uani kwake, akaanza. Upande wa kushoto alichora bomba la mtaa, kavu, bila tone. Kutoka hapo kina mama walipangana na ndoo vichwani, wote wakielekea kulia, kwenye ukuta na geti lililofunguliwa nusu. Nyuma ya geti, upande wa kulia kabisa, alisimama mtu mnene mwenye kofia, amewapa mgongo kina mama, ameshika mpira wa maji anamwagilia maua. Jina hakuandika. Kofia ilitosha.

Kina mama hao hawakuwa wa kubuni. Jirani yake Mama Pacha alikubali kukaa juu ya kigoda uani ili achorwe, ndoo kichwani, akilalamika muda wote.

"Nichore nilivyo," alisema. "Usininenepeshe."

"Nikikunenepesha baba pacha ataanza kuuliza unakula wapi."

"Aulize. Na makunyanzi uyaweke. Nimeyatolea jasho."

"Ukicheka hivyo yanazidi."

"Basi yaache yazidi. Lakini fundi, sikiliza." Mama Pacha akaacha kucheka. "Mimi uso wangu sijawahi kumpa mtu. Nakuazima wewe. Watu wakiniona humo, wajue nimetoka nyumbani na ndoo tupu nikarudi na ndoo tupu. Hilo tu."

"Hilo tu," Fundi Shoto akasema, na akalichukulia kama kiapo.

Ukurasa wake mtandaoni ulisimamiwa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya kazi kwenye duka la steshenari: kutoa nakala, kupiga picha za pasipoti, kuchapa barua za watu. Yeye ndiye aliyempiga picha ng'ombe wa bucha na kumweka mtandaoni, kazi za mabango zikaanza kuja hata kutoka mitaa ya mbali. Wateja walimtania kwamba yeye ni wifi wa kweli, mtandao haukatiki. Aliipiga picha ya bomba, akaiposti asubuhi. Kufika mchana ilikuwa imeondolewa.

"Imeandikwaje?" Fundi Shoto aliuliza.

Wifi yake akasoma kwenye simu, polepole. "Maudhui yako yamekiuka miongozo ya jamii."

"Jamii ipi?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Si jamii ni sisi? Mama Pacha amekataa?"

"Wifi, hii ni mashine. Watu wa Mheshimiwa wamejipanga, kila mmoja anabonyeza kwamba picha ni mbaya. Wakiwa wengi, mashine inaitoa. Haiangalii."

Waliiposti tena, ikaondolewa tena, safari hii na onyo kwamba ukurasa wenyewe unaweza kufungwa. Wakajaribu kuifunika kofia kwa alama ya njano. Ikaondolewa. Fundi Shoto alikuwa na uvumilivu wa mtu anayesubiri rangi ikauke, lakini hata yeye alianza kutembea uani akizungumza peke yake.

Wazo lilimjia wifi yake akiwa anakata picha za pasipoti. Alikuja mbio na mkasi mkononi.

"Wanakamata picha nzima," alisema. "Je, tukiwapa vipande? Wewe si una miraba yako? Napiga mraba mmoja mmoja, naweka namba, basi. Kipande cha ndoo kina kosa gani? Kipande cha ua kina kosa gani? Watu wataunga wenyewe kwenye simu zao."

Fundi Shoto alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Ubao ulikuwa na safu mbili za miraba, ya juu na ya chini. Akaweka namba kwa chaki kama alivyozoea, wifi yake akapiga, na miraba ikaanza kupanda mtandaoni. Kweli hakuna aliyegusa. Mashine iliona ua, ikaliacha. Iliona kipande cha ukuta, ikakiacha. Watu wakaingiwa na hamu: nini kinakuja? Wengine wakabahatisha, wengine wakaweka dau la soda. Mraba wa mwisho ulipopanda, wifi yake aliandika maneno machache tu: *Unganisha. Safu ya juu kwanza, kisha ya chini.* Kisha wakaenda zao, mmoja dukani, mwingine kwenye bango la fundi cherehani.

Hakuna kati yao aliyekumbuka kuandika kwamba kuhesabu kunaanzia kulia. Wifi yake alikuwa ameishi na miraba ile miaka yote, alikuwa ameacha kuiona.

Mama Pacha alikuja siku iliyofuata, mchana, bila hodi. Fundi Shoto alikuwa anaosha brashi. Aliona tu kivuli kimesimama juu ya kopo la thina.

"Umetuuza kwa bei gani?"

"Karibu, mama pacha. Nani kauzwa?"

"Usinikaribishe. Tumetoka ofisi ya maji. Tumekwenda wote, mstari mzima, kuuliza malalamiko yetu yamefikia wapi. Karani kachukua simu yake, kanigeuzia. Kasema, mama, huyu si wewe? Nikasema ndiye mimi. Kasema, sasa mbona hapa unachota maji kwa Mheshimiwa? Mnalalamikia nini? Akafunga dirisha, fundi. Mbele ya wenzangu! Nimegeuka nawaangalia, wananiangalia mimi kama mwizi."

Fundi Shoto alikausha mikono kwenye gauni, akaipokea simu ambayo Mama Pacha alimnyooshea.

Picha ilikuwa imeunganishwa na mtu asiyemjua, kuanzia kushoto kwenda kulia, kama watu wanavyosoma. Sasa upande wa kushoto kulikuwa na maua, kisha Mheshimiwa na kofia yake. Kwa kuwa alichorwa akitazama kulia, na kina mama sasa walikuwa kulia kwake, hakuwa tena amewapa mgongo. Alikuwa anawaangalia. Mpira wa maji ulielekea kwenye geti, na geti likawa limefunguliwa kwa ajili yao. Kina mama walikuwa wanatoka kwake na ndoo vichwani wakirudi mtaani. Na ndoo ikiwa kichwani, mchoro hauwezi kukuambia kama imejaa au ni tupu. Bomba kavu lilikuwa mwishoni kabisa, dogo, na nani ataangalia bomba?

Kila mraba ulikuwa wake. Picha haikuwa yake.

Chini yake kulikuwa na maneno ya ofisi ya Mheshimiwa: *Msanii wetu ameona yale ambayo wapinzani hawataki kuyaona.* Na watu waliokuwa wakiiondoa picha yake asubuhi na jioni sasa walikuwa wakiisambaza, wakiiwekea alama za mioyo na makofi. Mashine haikuikuta na kosa lolote.

"Wameihesabu vibaya," Fundi Shoto alisema.

"Mimi sijui hesabu. Najua nilikuazima uso."

"Njoo uone ubao wenyewe, uko palepale—"

"Ubao uko uani kwako. Uso wangu uko ofisi ya maji." Mama Pacha akaichukua simu yake, akaondoka.

Wifi yake alipofika jioni, bado hajavua kitambulisho cha dukani, alikuwa na mambo mawili usoni, aibu na furaha, na hakujua aanze na lipi.

"Nisamehe, wifi. Ni mimi, nilitakiwa kuandika kulia. Lakini umeona wafuasi? Kuna hoteli imeulizia bango. Kuna shule. Na huyu," akaonyesha ujumbe, "ni Afisa Habari wa Mheshimiwa. Anakuja kesho. Wanataka uichore kwenye ukuta wa ofisi mpya. Ukuta mzima."

"Ipi?"

"Hiyo... iliyounganishwa."

Mahali fulani jirani alikuwa anaburuta ndoo tupu kwenye saruji.

"Tunaweza kusahihisha sasa hivi," wifi yake akasema. "Naandika mstari mmoja tu. Lakini wataufunga ukurasa, hilo nakuapia. Na mabango yote yanapitia humo." Akafikiri, kisha macho yakawaka. "Au kubali! Kubali ukuta. Unaanza kulia kama kawaida yako, unachora inavyotakiwa. Mpaka wazinduke, umemaliza na rangi imekauka. Kicheko nchi nzima!"

Fundi Shoto alitabasamu, maana aliuona ukuta ule, na aliuona vizuri. Halafu akatikisa kichwa.

"Atakuja kukaa kwenye kiti changu, atakunywa chai yangu, nami namwambia ndiyo wakati moyo unasema hapana. Uongo wao nimeukasirikia, wangu niupambe?"

Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, alipiga magoti stoo kati ya makopo ya rangi, mahali aliposalia kila siku kwa sababu pana mlango unaofungika. Hakuwa na maneno mengi. Alisema: Bwana, nilichora kweli, ikageuka uongo mikononi mwa watu, na jina lililo chini yake ni langu. Nisaidie nisiogope kukosa kazi. Na Mama Pacha anirudie. Alikaa hapo mpaka magoti yakauma, akasikia hofu ipo palepale lakini imejisogeza kidogo, kama mtu anayekupisha kwenye benchi. Akanyanyuka akapika chai.

Afisa Habari alikuwa kijana wa heshima, viatu vinang'aa, aliyeomba maji ya kunywa kisha akaona aibu kuyaomba katika nyumba ile. Alimwita mama. Alisifu ng'ombe wa bucha, na alimsifu kwa kweli, si kwa kujikosha.

"Mama, Mheshimiwa mwenyewe ameiona. Amesema, huyu ananielewa."

"Njoo nikuonyeshe kitu, mwanangu."

Akampeleka uani, akaondoa turubai lililofunika ubao. Afisa alisimama akitabasamu. Tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaanza kusafiri: bomba, kina mama, geti, mgongo. Akarudi kwenye bomba. Akasoma tena.

"Kumbe," akasema.

"Mimi ni wa mashoto. Nahesabu kutoka kulia. Watu wakahesabu kutoka kushoto. Picha ni hii, na hiyo nyingine haipo."

Kijana akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mama, ungeniacha tu nisijue."

"Ningekuacha, ungerudi na rangi."

"Tumeshachapisha kalenda." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyevunja sahani ya mgeni, na wifi wa Fundi, aliyekuwa mlangoni, akajifanya anakohoa. "Sikiliza, mama yangu. Ukuta tuuache. Mimi nitasema umeumwa mkono. Wewe kaa kimya tu. Sikuombi useme uongo. Nakuomba usiseme kitu."

Fundi Shoto aliliwaza hilo kwa haki, maana lilikuwa ombi dogo na kijana alikuwa na bosi. Kukaa kimya hakugharimu rangi wala ngazi.

"Mwanangu, kina mama wamefungiwa dirisha kwa picha hiyo," alisema. "Nikinyamaza, nimelishikilia dirisha mimi."

Afisa alishukuru kwa maji ambayo hakuyanywa, akaondoka.

Hawakupoteza muda. Wifi yake alitoa nakala za miraba yote, akazikata vizuri, wakazipanga juu ya meza. Alipiga video: mkono wa kushoto wa Fundi Shoto, kucha zina rangi ya bluu, ukiweka mraba wa kwanza upande wa kulia, wa pili ukiufuata kwa kushoto, mpaka kofia ikapata mgongo na kina mama wakafika getini. Fundi Shoto alisema kwa sauti yake ya kawaida kwamba kosa la namba lilikuwa lake na la wifi yake, kwamba anawaomba radhi kina mama wa bomba kwa uongo uliosemwa juu yao, na kwamba maji hawajapata. Akashukuru. Basi.

Video ilikaa muda wa kupika maharage. Kwanza wakaona inasambaa, watu wanacheka, wengine wanaiunga upya miraba waliyokuwa nayo na kushika vichwa. Halafu ikaondoka. Halafu ukurasa wote: ng'ombe, kinyozi, viatu, miaka yote. Wifi yake alibonyeza, akabonyeza, akaiweka simu kifudifudi mezani.

"Pole, wifi," akasema.

"Pole na wewe. Wewe ndiye uliyeujenga."

Hoteli haikupiga tena. Shule nayo ikanyamaza.

Kesho yake Fundi Shoto alienda kwa Mama Pacha, akasimama nje ya mlango, akapiga hodi kama mgeni. Mama Pacha alitokeza na mtoto mmoja kiunoni na mwingine ameshika sketi yake.

"Nimeona," Mama Pacha akasema kabla hajaulizwa. "Kabla hawajaitoa. Majirani walinionyesha." Akampandisha mtoto vizuri kiunoni. "Karani wa maji hajaiona."

"Ndiyo maana nimekuja. Kwenye simu haipo tena. Imebaki ile ya plaiwudi. Peke yangu siwezi kuibeba."

Mama Pacha akamwangalia, kisha akamwita dada yake awashike watoto.

Waliubeba ubao wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, picha ikitazama barabara. Ofisi ya maji haikuwa mbali, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba, ikabidi waulaze kiubavu na kuuinamisha, watu waliokuwa kwenye foleni wakasaidia kwa kupiga kelele zinazopingana. Mwisho ukaegemezwa kwenye kaunta, mbele ya dirisha la karani, na mwanga wote ukaisha upande wake.

"Hii nini?" karani akauliza.

"Hii ndiyo picha," Fundi Shoto akasema. "Ile ya kwenye simu yako ilipangwa vibaya. Nimeichora mimi."

Karani alikodoa macho. Alitoka nyuma ya dirisha, jambo ambalo watu wa foleni walisema hawajawahi kuliona, akaja kusimama mbele ya ubao. Akamtazama Mama Pacha wa rangi, akamtazama wa kweli.

"Hapa unakwenda au unarudi?"

"Nakwenda," Mama Pacha akasema. "Ukitaka kuniona narudi, sura ni hiyo hiyo."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, mwingine akasema "andika, bwana." Karani akasema hatoi ahadi, mambo ya bomba yako juu yake. Lakini alirudi ndani, akayafungua malalamiko yao, akasema yatasikilizwa upya Jumatatu na mmoja wao awepo. Maji hakuwapa. Dirisha aliliacha wazi.

Njiani kurudi, mwenye duka la viatu aliwasimamisha aone plaiwudi yake imekuwa nini. Wakautua ubao, Mama Pacha akaeleza. Mbele kidogo kinyozi akatoka na mteja aliyenyolewa nusu. Wakautua tena. Safari hii Mama Pacha ndiye aliyeanza kusema kabla hawajaulizwa, akionyesha kwa kidole, bomba hili hapa, mimi huyu, huyo wa kofia mnamjua wenyewe. Fundi Shoto alisimama upande wa pili akiushikilia ubao usianguke, mkono umekufa ganzi, na watu walikuwa wanavuka barabara kuja.